Bwawa Lina Jina la Tajiri, Wakataji Walikuwa na Namba: Stori ya Maji Moto ya Galanos na Watu wa Songea

Wadau, kama una mshikaji anayeishi Tanga, lazima picha hizi umeshakutana nazo. Mtu kakaa pembeni ya maji yanayonuka kama yai viza, suruali kaikunja mpaka magotini, anacheka mwenyewe, na chini kaandika: "Galanos, maji moto." Laiki zinamiminika. Mmoja anauliza kama kweli maji yale yanaponya ngozi, mwingine anauliza nauli kutoka mjini, wa tatu anasema shangazi yake miguu ilikuwa inamsumbua, akaenda kuoga, akarudi anatembea freshi.

Kinachoulizwa kwa nadra ni hiki: huyo Galanos ni nani, na kwa nini maji yaliyotoka ardhini yenyewe, bila kuombwa na mtu, yanaitwa kwa jina lake?

Swali hilo linawahusu hata vijana wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ambao kwao Tanga ni kona nyingine kabisa ya ramani, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kati ya watu waliotoka jasho kwenye mashamba yaliyoifanya Tanga ikawa Tanga, wengi walitoka huku kusini. Mmoja wao pengine ni babu yako, au babu wa babu yako, na jina lake halipo kwenye kibao chochote.

MAJI YENYEWE YANATOKA WAPI?

Tuanze na maji, kwa sababu maji ndiyo yalikuwepo kabla ya watu wote.

Watu wengi wakisikia maji moto wanawaza volkano. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hata mahali pasipo na volkano, ardhi ina joto lake. Ukichimba kwenda chini, kila kilomita moja joto linaongezeka kwa wastani wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Maji ya mvua yakipenya kwenye nyufa za miamba yakashuka kilomita mbili au tatu, yanapata moto. Yakikuta ufa mwingine wa kupandia, yanarudi juu bado yana joto, na njiani yamekwangua madini. Ile harufu ya yai viza ni gesi yenye salfa ndani yake. Ndiyo maana chemchemi nyingi za namna hii zinasifiwa kwa magonjwa ya ngozi na maumivu ya viungo.

Sisi wa Nyasa hatuko mbali na mambo haya. Ziwa letu, lenye kina cha karibu mita 700, ni mtoto wa Bonde la Ufa, sehemu ambayo ganda la dunia linachanika taratibu. Ukipanda kaskazini mwa ziwa kuelekea Mbeya unakutana na chemchemi za Songwe, ambazo maji yake yamekuwa yakiacha chokaa kwa muda mrefu mpaka yakatengeneza miamba ya marumaru inayochimbwa. Tanga nayo ina za kwake, kaskazini kidogo mwa jiji, upande wa Amboni, jirani na yale mapango maarufu.

GALANOS ALIKUWA NANI?

Christos Galanos alikuwa Mgiriki, mkulima wa mkonge. Jina lake limebaki Tanga sehemu mbili: kwenye maji moto, na kwenye shule ya sekondari ya Galanos. Chemchemi ile ikapata sehemu ya kuogea, watu wakawa wanakwenda kujitibu na kupumzika, na jina la mwenye mkonge likaganda kwenye maji.

Kumwelewa Galanos ni lazima uuelewe mkonge. Mmea huu haukuwa wa kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, mingi ikafa njiani, ikafika hai 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa upande wa Pangani, na kutokana nayo pwani nzima ya kaskazini ikageuka kijani kibichi chenye miiba.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na Mjerumani akashindwa, mashamba yake yakachukuliwa kama mali ya adui na kuuzwa. Walionunua walikuwa Waingereza, Wahindi na Wagiriki. Hapo ndipo Wagiriki wakawa watu wakubwa kwenye mkonge wa Tanganyika. Kamba za meli, kamba za kufungia nyasi mashambani Ulaya na Marekani, magunia, vyote vilitaka nyuzi. Nchi yetu ikapanda mpaka kuwa mzalishaji namba moja wa mkonge duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulikuwa umefika karibu tani 230,000.

Sasa jiulize: hizo tani zilikatwa na nani?

SONGEA BAADA YA MAJI MAJI

Rudi kusini. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipolipuka, Wangoni waliingia. Nao pia walikuwa wameahidiwa maji, dawa iliyosemwa itageuza risasi ziwe maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, wakazikwa kaburi moja. Nduna Songea Mbano naye aliuawa, na mji umebaki na jina lake mpaka leo. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala ya chakula. Njaa ikaua maelfu kwa maelfu ambao risasi haikuwagusa.

Nchi ikabaki mifupa. Na juu ya mifupa hiyo kukawa na kodi. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanzishwa na Mjerumani tangu 1898, na Mwingereza alipoingia akaendelea na mtindo uleule: kila mwanamume mzima alipe, na alipe kwa pesa taslimu. Kuku hakukubaliwa. Mahindi hayakukubaliwa. Pesa ilitakiwa, na Songea pesa ilikuwa haina pa kutoka.

Kumbuka Songea ya wakati ule ilikuwa wilaya kubwa mno. Mbinga ya leo ilikuwa ndani yake, na Nyasa ya leo ilikuwa ndani yake. Umatengo, kule juu milimani, kahawa ilianza kuwapa watu ahueni miaka ilivyokwenda. Wangoni walikuwa na tumbaku, na mwaka 1936 kikaanzishwa chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo. Lakini kwa familia nyingi za bondeni na mwambaoni, mbali na barabara na soko, njia ya haraka ya kupata shilingi za kodi, nguo na mahari ilikuwa moja: kuondoka.

Wengine walikwenda kwenye migodi ya kusini mwa Afrika. Wengine, wengi sana, walikwenda kwenye mkonge.

MANAMBA

Neno manamba umelisikia. Wengine wanalitumia kama utani kwa mtu anayefanya kazi ngumu kwa malipo kiduchu. Asili yake ni neno la Kiingereza la namba. Mtu aliyeandikishwa mkataba alipewa namba, na kwenye vitabu vya shamba namba ndiyo iliyokuwa yeye. Babu yako angeweza kuwa na jina la ukoo, jina la ubatizo la misheni na jina la utani la ngomani. Shambani alikuwa tarakimu.

Wa mwanzo walitembea kwa miguu, wiki kwa wiki, wakilala njiani. Baadaye mambo yakapangwa. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kilianzisha ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kama SILABU. Wapambe wake walizunguka Songea, Njombe, Kigoma na hata nje ya mipaka. Kijana anapimwa afya, anaandikishwa, anapandishwa kwenye lori, anapelekwa kambi moja hadi nyingine mpaka afike Tanga, Korogwe au Morogoro. Mtu ambaye asubuhi zote za maisha yake aliamka anatazama ziwa, sasa anaamka anatazama miiba mpaka macho yanapoishia.

Kazi yenyewe sikia. Jani la mkonge lina urefu wa mita moja na zaidi, na kwenye ncha lina mwiba kama sindano ya kushonea magunia. Unakata jani, unaondoa mwiba, unahesabu majani 30, unafunga fungu. Kisha fungu lingine. Mafungu yanabebwa hadi kwenye reli ndogo ya shamba, yanasukumwa kwa trole mpaka korona, yaani mashine inayosaga nyama ya jani na kubakiza nyuzi. Kwenye kila tani 100 za majani, nyuzi unazopata ni kama tani 4. Zinazobaki ni maji na uchafu. Kwa hiyo zile tani 230,000 za mwaka 1964 maana yake ni mamilioni ya tani za majani, zilizokatwa moja moja, kwa mkono, na mtu aliyeinama.

Hesabu ya siku ilikuwa kwenye kipande, kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, unapigiwa alama. Usipoimaliza, siku hiyo haihesabiki. Mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Ungeweza kuchukua wiki sita kujaza nafasi 30. Mkataba ulitaja mshahara, posho ya unga na maharage, na mahali pa kulala. Kuoga maji ya salfa kupunguza maumivu hakukuwa sehemu ya mkataba.

Na hapa ndipo stori inapouma. Maji ya jani la mkonge yanawasha. Mkataji anayeshinda nayo mikononi na miguuni anapata vipele na vidonda. Mgongo unauma kwa kuinama, viungo vinauma kwa kubeba. Sasa soma tena sifa ya maji ya Galanos: yanasaidia ngozi, yanatuliza viungo. Kama kulikuwa na watu pwani ile nzima waliohitaji kukaa kwenye maji yale kutwa nzima, ni wakata mkonge. Chemchemi na shamba vilikuwa majirani. Lakini jina lililoandikwa kwenye chemchemi ni la mwenye shamba.

Tusimwonee marehemu. Hoja hapa si kwamba Galanos alikuwa mbaya kuliko wenzake. Huo ndio ulikuwa mfumo wa nchi nzima, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoupanga kwa kodi na sheria. Hoja ni jinsi kumbukumbu inavyogawanywa. Mmoja anapata shule na chemchemi. Maelfu wanapata neno moja, manamba, tena la kejeli.

WALIOBAKI NYUMBANI

Kuna kundi jingine lisilo na jina kabisa: wanawake. Mtafiti P. H. Gulliver aliandika utafiti mzima, uliochapishwa 1955, kuhusu Wangoni na Wandendeule waliokuwa wakihama kutafuta kazi. Fikiria kijiji ambacho vijana wenye nguvu wameondoka. Nani anafyeka msitu? Nani anaezeka nyumba mvua zinapokaribia? Nani anamlea mtoto aliyezaliwa miezi minne baada ya baba kupanda lori? Mama, bibi, shangazi. Shamba la Songea ndilo lililomlisha mtoto, ili shamba la Tanga limlipe baba mshahara usiotosha kumlisha mtoto.

Wengi walirudi, wakaja na blanketi, sufuria, baiskeli na Kiswahili cha pwani. Wengine hawakurudi. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, watu wa namna hii waliitwa machona, waliopotelea ugenini. Huku kwetu waliitwa walowezi. Walioa Tanga, wakazaa Tanga, wakazikwa Tanga. Ndiyo maana hata leo ukizunguka Muheza na Korogwe unaweza kukuta mtu ana jina la ukoo la Songea na hajawahi kuliona Ziwa Nyasa hata siku moja.

Mambo haya yaliingia mpaka kwenye starehe zetu. Ile ngoma ya mganda mnayoichezea mwambaoni, wanaume wamejipanga mistari, nguo safi, hatua za kijeshi, ilizaliwa kwenye dunia hii ya watu kwenda na kurudi, askari na vibarua walioona gwaride ugenini wakaligeuza kuwa burudani nyumbani. Wanawake nao wana kioda yao. Unapomwona mzee wa Mbamba Bay anapiga hatua zile kwa madaha, unaangalia kumbukumbu ya safari ambayo haikuandikwa kwenye vitabu.

MWISHO WA BATA

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikataifishwa. SILABU ilikuwa imeshafungwa miaka hiyohiyo ya 60. Wakati huohuo kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni, bei rahisi, hazitaki mtu ainame juani. Bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba yakageuka pori, korona zikashika kutu. Wagiriki wengi wakaondoka. Sehemu ya kuogea ya Galanos ikachakaa. Maji hayakujali. Yaliendelea kutoka, yanaendelea kunuka, na watu wa kawaida ndio wanaoyaoga sasa.

Kuna kitu kizuri hapo, tukubali. Chemchemi imerudi kwa watu. Lakini imerudi bila stori yao.

MAJINA YANAWEZA KURUDI

Mtu atasema, jina ni jina tu. Hapana. Angalia Kagera. Kule Karagwe ya zamani kuna chemchemi za Mtagata. Stanley alifika mwaka 1876, akaoga, akapima joto, akaandika kitabu kilichosomwa dunia nzima. Alikuta wagonjwa wameshajaa, wametoka nchi mbalimbali, wanajua tayari maji yale ni dawa. Na mpaka leo zinaitwa Mtagata, jina la wenyeji, linalotokana na neno lao la joto. Uganda, wilaya ya Sheema, kuna Kitagata, neno la ukoo huohuo. Huko dimbwi moja lilikuwa la mfalme wa Ankole, na jingine watu wanaliita Mulago, kama ile hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu wanakwenda kutibiwa. Wagonjwa ndio waliotoa jina.

Angalia na nyumbani. Liuli kuna ule mwamba mkubwa ziwani unaofanana na sanamu ya Misri. Wajerumani wakauona, wakaipa bandari jina la Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaja kuipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Linahesabiwa kuwa miongoni mwa mashambulizi ya kwanza kabisa ya majini katika vita ile. Manahodha wote wawili, Rhoades na Berndt, wanajulikana kwa majina, tena inasimuliwa kwamba walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Mabaharia weusi waliokuwa wanachochea kuni kwenye matanuru ya meli zile, majina yao yako wapi?

Ila Sphinxhafen nayo iko wapi leo? Haipo. Mji ni Liuli, mwamba ni Pomonda. Manda nayo iliwahi kuitwa Wiedhafen, na hakuna bibi anayelijua jina hilo. Jina la mgeni hudumu kama wenyeji hawana stori wanayoisimulia. Wakiwa nayo, jina lao linarudi lenyewe.

SASA HIVI NI ZAMU YENU

Naandika haya sasa kwa sababu lami imeshashuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay. Ile safari ya kutoa roho kwenye makorongo imekuwa ya muda mfupi. Wageni wanakuja kula bata ufukweni, kula mbasa wa kuchoma, kupiga selfi na Pomonda. Hoteli zitaongezeka. Na kila hoteli mpya itahitaji jina, kila ufukwe utahitaji kibao, kila mtembeza watalii atahitaji stori ya kusimulia. Tukikaa kimya, miaka 50 ijayo kuna ufukwe wa Nyasa utakaoitwa kwa jina la mtu aliyenunua kiwanja juzi, na wajukuu zetu watapiga picha hapo bila kuuliza.

Tanga nao siku moja watalifufua bwawa la Galanos, na itakuwa jambo zuri. Kenya walishafanya: kule Olkaria, Naivasha, kampuni ya umeme wa jotoardhi ilifungua bwawa la kuogea mwaka 2013 na watu wanajaa. Siku hiyo ikifika, pembeni ya jina la Galanos paandikwe habari za manamba: walitoka wapi, walikata nini, walilipwaje. Hakuna haja ya kufuta jina la mtu. Kibao kina nafasi ya kutosha.

Lakini kibao cha Tanga kitaandikwa na wengine. Cha kwako unaweza kukianza leo. Kama una babu au bibi aliye hai Mbinga, Tingi, Lituhi au Mbamba Bay, kaa naye. Simu unayo, bonyeza kurekodi. Muulize nani katika ukoo alikwenda mkonge. Alikwenda mwaka gani, au kama mwaka haukumbukwi, ilikuwa kabla au baada ya Uhuru. Alipanda lori wapi. Alirudi na nini. Kama hakurudi, aliacha watoto wangapi, na nani aliwalea. Kwenye masanduku ya zamani, chini ya kanga na vyeti vya ubatizo, wakati mwingine kuna karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo familia nzima haijui ni ya nini. Ifungue taratibu. Ukiona safu za miraba 30 zenye alama, hicho ni kipande. Namba utaikuta hapohapo. Mwombe bibi akutajie jina, uliandike pembeni.